Muuzaji Asiyekasirika

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi. Kisha mkaniomba niandike mawili matatu kuhusu kazi yetu, hasa jinsi tulivyojikinga na matapeli wa mtandaoni enzi zile za Guangzhou, kabla simu hazijawa na akili kuliko wenye nazo. Basi nimekaa hapa Morogoro, saa yenu inagonga ukutani, nami naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara mliuona wenyewe kwa jinsi nilivyokuwa navaa.

Nilifika Guangzhou, kusini mwa China, nikiwa mwalimu wa sekondari mwenye ufadhili wa masomo. Nilipomaliza nilikuwa na shahada, koti zito la baridi ambalo mji ule hauna haja nalo sana, na Kichina cha darasani, kile cha kuuliza kwa adabu maktaba iko wapi. Kwa Kichina hicho ofisi ya mizigo ikaniajiri pale kwenye jengo la Tianxiu Dasha. Ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lisilofunguka. Mezani kulikuwa na simu, faksi, kalkuleta yenye tarakimu kubwa za kuonekana hata na asiyetaka kuona, na kompyuta moja ambayo bosi wetu aliifunika kitambaa cha kufuma kila jioni, kama kwetu tunavyofunika televisheni. Kazi yenyewe mnaijua, haijabadilika sana. Mteja wa Mwanza au Mbeya ananunua, sisi tunakagua, tunafunga, tunapeleka bandarini Huangpu, kontena linapanda meli, na mteja anaanza kupiga simu kuuliza limefika wapi kabla meli haijang'oa nanga.

Aliyenifundisha kazi ni Fang, karani wetu wa simu, mzaliwa wa palepale Guangzhou. Alikuwa mfupi, mkimya asubuhi na mwenye maneno mengi baada ya kula. Kiswahili alikiokota kwa wateja, kwa hiyo alikuwa na maneno yale tu ambayo wateja waliyahitaji, kama mzigo, bei, bado, kesho, na unanidanganya. Kwa maneno hayo aliendesha biashara na nusu ya Tanzania. Wateja walimwita Dada Fang, na waliokuwa na deni la mzigo walimpitia mbali.

Siku yangu ya kwanza alinipa mkono wa simu na namba ya kiwanda cha chupa za chai. Akaniambia niulize bei, kisha nitaje theluthi yake. Nikapiga. Nikasalimia, nikajitambulisha, nikaomba radhi kwa kumsumbua mtu wa watu, nikauliza bei, nikaambiwa, nikashukuru. Ile theluthi ilinikwama kooni. Nilipokata simu Fang akaniuliza kwa Kichina, "Amekasirika?"

"Hapana," nikamjibu, nikijisikia vizuri. "Ni mtu mstaarabu sana."

"Basi hujafanya kazi."

Akapiga mwenyewe. Akataja bei ya aibu, bei ambayo mimi nisingeitaja hata kwa mtu aliyenikosea. Kelele zilizotoka kwenye ile simu zilimfanya bosi ainue kichwa kutoka kwenye gazeti lake. Fang aliushika mkono wa simu mbali na sikio, akasubiri kama mtu anayesubiri mvua ipungue, kisha akaurudisha mahali pake.

"Huyu ana chupa," akasema.

Sikuelewa. Nilidhani ni tabia mbaya tu ya mtu wa simu. Lakini niliona kwamba kila mara Fang alipomkasirisha mtu namna ile, mzigo ulifika na ulikuwa mzigo wa kweli. Tukaipa jina, bei ya kichaa, nami nikaitumia kama watu wanavyotumia dawa ya kienyeji. Ilifanya kazi, sikuuliza kwa nini.

Miaka hiyo ya mwanzo wateja walikuja wenyewe, wakaibiwa wenyewe, ana kwa ana, na mwizi walimjua kwa sura. Kisha mtandao ukafika kwenye miji yetu. Vibanda vya intaneti vikafunguliwa kila kona, na mtu aliyekuwa akisafiri mpaka China kutafuta bidhaa akaanza kuitafuta akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nyumbani kwao, anaona picha, anaandika barua pepe, anatuma kianzio. Tangu zamani tumeonywa tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Sasa gunia likaja na picha ya mbuzi, na watu wakaona onyo limepitwa na wakati.

Wa kwanza kuingizwa mjini machoni pangu alikuwa Mkenya mmoja, Kamau, mchangamfu, mteja wetu wa muda mrefu. Aliagiza simu za mkononi kwenye tovuti moja. Tulipomuuliza kama amewakagua alicheka. "Manze, hawa wako sawa," akasema. "Si nimecheki website, iko na hadi certificate." Maboksi yakaletwa moja kwa moja kwenye ghala, yamefungwa vizuri, uzito wake ni uleule unaotakiwa. Bahati yake Fang alikuwa na tabia ya kufungua boksi la katikati, siyo la juu. Ndani kulikuwa na vigae vya sakafu. Kamau aliapa, akalala ndani siku kadhaa, kisha akatuomba tumpakilie vigae vyake. Mpaka leo, nasikia, bafu lake ni la kuoneshea wageni. Nasimulia kwa kucheka kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyetangulia kucheka.

Baada ya vigae tukaanza kujiwekea taratibu. Tulidai simu ya mezani, kwa sababu simu ya mkononi inaweza kuwa kiwanda leo na kinyozi kesho. Tulidai jina la kampuni kwa herufi za Kichina, siyo lile la Kiingereza lenye maneno kama dhahabu na ulimwengu. Tuliangalia akaunti ya benki ni ya kampuni au ni ya mtu. Akaunti ikibadilishwa katikati ya safari kwa barua pepe, tulipiga simu kwa namba ya zamani, siyo ile iliyokuja na barua hiyo. Na mimi nikaongeza langu, ambalo Fang alilicheka kisha akaliiba. Nilimwambia muuzaji anipigie picha bidhaa yake ikiwa na kabichi juu. Picha nzuri za bidhaa ziko tele mtandaoni na yeyote anaweza kuzichukua, lakini picha ya jenereta yenye kabichi lazima uipige mwenyewe. Muuzaji wa kweli alituuliza kama tuna wazimu, kisha akamtuma mtu sokoni. Tapeli alituambia kamera imeharibika. Kuna kipindi niliamini kamera za China haziwezi kuvumilia kabichi.

Nyinyi mna namba za siri, mna jumbe za uthibitisho, mna programu za kutambua uongo. Vizuri, vitumieni. Lakini niliyemwona akikaribia kuangamia hakuwa mtu wa kukosa programu. Alikuwa mtu hodari, na alinaswa kwa uhodari wake. Ndiyo maana nataka nimweleze kwa kirefu.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya Olimpiki ya Beijing. Mama Anitha alitoka Iringa, mfanyabiashara wa nguo, mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti. Sifa yake ilimtangulia. Walisema hajawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza tangu azaliwe, na kwamba hata fungu la kumi angeliombea punguzo kama mchungaji angekubali kukaa chini wapatane. Nyumbani alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama waliopewa kazi ya kushona sare za shule. Waliacha kugawana upatu wao, wakakusanya, wakampa yeye akanunue vyerehani vya umeme. Shule zikifunguliwa bila sare, kazi ile angepewa mwingine.

Aliingia ofisini akiwa na begi la mkononi na furaha.

"Mdogo wangu Yusta, nimekuja kuweka nafasi kwenye kontena," akaniambia. "Vyerehani vinaletwa moja kwa moja Huangpu. Nyie mpokee mpakie, basi."

"Umeviona, mama?"

"Nimeviona."

"Wapi?"

"Kwenye kompyuta."

Fang akaweka kalamu chini.

Ikawa hivi. Mama Anitha alikuwa ameipata tovuti ya kiwanda akiwa Iringa, na kwenye kiwanda hicho kulikuwa na meneja wa mauzo aitwaye Lucy. Kianzio alishakituma kabla ya kupanda ndege. Salio lilitakiwa kesho yake mchana, la sivyo bei ingepanda. Kiwanda kilikuwa kaskazini, mbali sana, na wageni hawakuruhusiwa kwa sababu kulikuwa na ukaguzi. Simu ya mezani ilikuwa inatengenezwa. Akaunti ilikuwa ya mtu, lakini Lucy alieleza kwamba huyo ni mjomba wake.

"Halafu ni mlokole mwenzangu," Mama Anitha akaongeza. "Kila barua anamalizia Mungu akubariki dada yangu."

"Mtu wa kiwanda hana muda kuombea wewe," Fang akasema.

"Huo ni wivu, Dada Fang."

Nikamwomba amwambie Lucy apige picha cherehani kikiwa na kabichi. Alikataa katakata. Hawezi, akasema, kumwambia binti wa watu aliyeokoka aweke mboga juu ya mashine, ataonekana mwendawazimu. Nikamwomba basi aongee naye bei upya. Hapo macho yakamwaka. Kumwambia Mama Anitha akapatane bei ilikuwa kumwambia samaki akaoge.

Tukafunua kitambaa cha bosi, tukakaa mbele ya kompyuta. Lucy alikuwepo kwenye gumzo la mtandaoni. Matapeli huwa wapo, hawana foleni dukani. Mama Anitha alisema kwa Kiswahili, nami nikaandika kwa Kiingereza. Akaanza na bei ya kichaa, kwa ushauri wangu, nusu ya ile waliyokwisha kupatana. Fang alisimama nyuma yetu na kikombe chake cha chai. Jibu likaja kabla sijaondoa mkono kwenye kibodi. Lucy alikubali, kwa sababu ya urafiki.

Niligeuka kumtazama Mama Anitha nikitegemea kuona uso wa mtu aliyeshtuka. Nilichoona ni uso wa bibi harusi.

"Umeona?" akasema. "Nimemshusha nusu nzima. Nusu, Yusta. Wanaume wa Makambako hawawezi."

"Mama, amekubali haraka mno."

"Amejua amekutana na nani."

"Mwombe atupe meza za vyerehani bure," nikasema. Akaomba. Lucy akakubali. Sindano za akiba, usafiri mpaka Huangpu, nyuzi za rangi zote. Lucy akakubali vyote, na Mungu atubariki. Kila alipokubali Mama Anitha alizidi kukaa wima kwenye kiti. Mimi nilizidi kukata tamaa. Mwishowe nikajiandikia langu mwenyewe, nikamwambia Mama Anitha tumeomba majiko ya gesi, moja kwa kila mama wa kikundi. Lucy akakubali.

"Mama," nikasema taratibu, "hawa wanauza vyerehani. Majiko wanayatoa wapi?"

Mama Anitha akafikiri kidogo. "Wana kiwanda kikubwa," akasema.

Fang alitoka nje kwenye korido. Nilimsikia akicheka huko, na baadaye nilimsikia hacheki tena. Aliporudi aliniambia kwa Kichina kwamba maneno hayatamsaidia huyu, kwa sababu kila tunalomwambia yeye analisikia kama pongezi. "Kesho asubuhi anakwenda soko la Shisanhang kununua nguo?" akauliza. "Mpeleke wewe. Mpeleke kwa yule mwanamke wa blauzi."

Shisanhang haijui kulala. Tulifika asubuhi mapema na tayari vijia vilikuwa vimejaa robota za nguo, na wasukuma vitoroli wakipiga kelele tuwapishe, na hawakusubiri kama tumesikia. Mwanamke wa blauzi alikuwa na kibanda kisichozidi upana wa kitanda. Alikuwa akila tambi akiwa amesimama, bakuli mkono mmoja, kalkuleta mkono wa pili. Jina lake sikulijua kamwe, wote tulimwita laoban, bosi, kama tunavyowaita wenye maduka wote kule.

Mama Anitha akachagua blauzi, akaikunjua, akaivuta mshono, akainusa. Laoban akabonyeza bei. Mama Anitha akaichukua kalkuleta, akabonyeza yake, akaigeuza.

Laoban aliitazama ile tarakimu. Akaweka bakuli chini. Akaichukua blauzi mkononi mwa Mama Anitha, siyo kwa kupokea, kwa kunyang'anya. Akaikunja, akaipangusa kana kwamba imechafuliwa, akairudisha kwenye rafu.

"Bu xing," akasema, yaani haiwezekani, na akaendelea na mengine ambayo sikuyatafsiri yote. Yalihusu pamba, kodi ya kibanda, mshonaji mwenye mtoto mgonjwa, na macho ya mteja.

"Anasemaje?" Mama Anitha akauliza.

"Anasema nenda."

"Mwambie naongeza kidogo."

Nikamwambia. Laoban akarudi kwenye tambi, akatupa mgongo. Tukapiga hatua kuondoka, akatuita. Tukarudi, akakataa tena. Kalkuleta ikaenda na kurudi, sauti zikapanda, mwenye kibanda cha jirani akaacha wateja wake aje kusikiliza. Walipokubaliana laoban alikuwa mwekundu usoni na Mama Anitha ametokwa na jasho. Hata baada ya kukubaliana laoban hakutabasamu. Alizihesabu blauzi kwa hasira, akaitoa moja iliyokosa kifungo, akaweka nyingine, akaibamiza juu ya robota, akarudi kula.

Kwa kawaida baada ya vita kama hiyo Mama Anitha angenisimulia upya yote niliyoyaona kwa macho yangu. Safari hii alikaa juu ya robota lake, akamwangalia yule mwanamke. Wasukuma vitoroli wakatukwepa wakilalamika. Nikanyamaza. Kazini nilijifunza kunyamaza kwa shida, msinicheke.

"Huyu mama amenitukana," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Kwa ajili ya vijisenti."

"Ndiyo."

"Kwa sababu blauzi ni zake." Akapangusa uso kwa khanga. "Nikigusa bei, anaumia. Yule Lucy nimemkata nusu, nikamchukulia meza, nyuzi, majiko. Hajaumia hata mara moja." Aliposema neno linalofuata, sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha. "Hana kitu cha kumuuma, Yusta. Hana cherehani hata kimoja."

Miaka yote nilikuwa nikiitumia bei ya kichaa bila kujua inafanyaje kazi, na aliyenieleza ni mteja aliyekaa juu ya robota akiwa ameshaibiwa kianzio. Niliona uchungu, na niliona aibu kwamba jana yake nilikuwa nimemcheka moyoni. Salio hakulituma. Hilo tulishukuru. Mchana ule Lucy aliandika mara kadhaa, na kila mara bei ilishuka, na baraka zikaongezeka.

Lakini hatari haikuwa imekwisha, na hapa ndipo nataka msome polepole. Mama Anitha alirudi ofisini, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kupanga. Nyumbani hatasema. Atawaambia akina mama kwamba mashine zimechelewa melini. Atauza zile blauzi, atakopa kwa shemeji, ataziba pengo la kianzio polepole, hakuna atakayejua.

"Wataniona mjinga," akasema. "Mimi. Waliniamini kwa sababu moja tu, kwamba sidanganyiki."

Nimewaona wengi wakipita njia hiyo. Anayeficha kuibiwa huibiwa mara ya pili, kwa sababu hana wa kumuuliza. Na kweli, jioni ileile ilimjia barua pepe ya mtu aliyejiita wakili, akisema amesikia amedhulumiwa na kampuni fulani ya vyerehani, yuko tayari kumrudishia kianzio chake, kinachotakiwa ni ada ndogo tu. Mama Anitha alinionesha akiwa amefunika kioo kwa mkono ili Fang asione. "Na huyu je?" akaninong'oneza.

"Nani alimwambia umeibiwa, mama? Hujamwambia mtu yeyote duniani ila sisi."

Akairudia ile barua mstari kwa mstari. Fang, ambaye huwezi kumficha kitu kwenye chumba kimoja, alinyanyuka akakwangua kadi mpya ya simu ya nje, akaisogeza mezani pamoja na simu.

"Piga nyumbani," akasema kwa Kiswahili chake. "Leo. Kesho ni uongo."

Huko Iringa ilikuwa bado mchana na akina mama walikuwa kwenye kikao, dukani kwa mwenyekiti wao, mwanamke ambaye sijawahi kumwona ila sauti yake naijua. Tulibonyeza spika kwa sababu Mama Anitha alikataa kuushika mkono wa simu. Walianza kwa salamu, na salamu za Iringa hazikatizwi, wakaulizana hali ya kila mtu na kila ng'ombe, dakika za kadi zinakwisha. Kisha mwenyekiti akauliza vyerehani ni vizuri kama kwenye picha.

"Havipo," Mama Anitha akasema. "Nimetapeliwa. Kianzio kimekwenda. Salio ninalo."

Upande wa pili tulisikia kuku, na mtu akisogeza kiti. Mama Anitha alifumba macho.

"Mama Anitha," mwenyekiti akasema. "Siku ile uliyotusomea bei waliyokupa, nani alipiga vigelegele?"

Mama Anitha alifumbua macho. "Wewe," akasema.

"Na nani alisema tuagize na vya ziada, tutauza?"

"Mimi hapa," ikaja sauti nyingine, ya mbali kidogo na simu. "Ni mimi niliyesema."

"Basi usijibebeshe peke yako," mwenyekiti akasema. "Tumepigwa wote. Mtu mmoja hawezi kulia msiba wa watu wote. Hilo salio linatosha mashine ngapi?"

"Chache."

"Chache zinashona. Tutapokezana. Wewe nenda kwa miguu yako, ukazikanyagie hukohuko dukani, uzisikie zinavyolia. Muuzaji akikupokea kwa kicheko, ondoka."

"Sawa, mwenyekiti."

"Halafu urudi mapema. Kikao kijacho zamu ya kupika ni yako, tusianze kusumbuana."

Kadi ikaisha hapo. Mama Anitha hakulia Shisanhang alipojua ameibiwa, wala hakulia alipolisema mbele ya wenzake. Alilia sasa, kwa sauti yake yote kubwa, ofisi nzima ikamsikia, kwa sababu bado alikuwa na zamu ya kupika.